Kazi ya Urembo Yataka Elimu

Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa, wazazi huja katika ofisi za walimu wakuu wakiwa na shida moja. Mtoto hakufaulu. Baada ya maelezo mengi mzazi hukata shauri na kusema: "Basi Mwalimu, kama hakuna njia nyingine, nitampeleka hata saluni akajifunze kusuka." Mwalimu, ambaye kwa siku hiyo amekwisha kuyasikia maneno hayo mara kadhaa, hutikisa kichwa kukubali, na shauri hilo likaishia hapo.

Katika usemi huo neno dogo kabisa ndilo lenye kosa kubwa kabisa. Neno hilo ni "hata". Hapana mzazi anayesema kwamba atampeleka mtoto wake hata udaktari, wala hata uhandisi. Lakini husemwa hata saluni, kwa maana kwamba pale hapahitajiki akili, hapahitajiki kusoma, na kwamba yeyote aliyeshindwa kwingine kote hawezi kushindwa pale.

Fikra hiyo ni potofu, na tena ina hatari. Mtoto huyo anayedhaniwa kuwa hawezi kitu, baada ya miezi michache atakabidhiwa kichwa cha mtu, uso wa mtu na wembe. Atakabidhiwa madawa makali yenye uwezo wa kuunguza ngozi na kupofusha macho. Watakaoketi katika kiti chake ni watumishi wa Serikali, ni walimu, ni wanafunzi, ni mama wajawazito na mabibi arusi. Jamii inayodhani kwamba mtu wa namna hiyo hana haja ya elimu inajidanganya yenyewe, na gharama ya udanganyifu huo hulipwa hospitalini.

SI KAZI YA JANA

Wako wanaosema kwamba kazi ya urembo ni jambo la kigeni lililoletwa na magazeti ya picha na sinema. Hiyo si kweli. Katika miji ya Pwani, toka Lamu na Mombasa hadi Unguja na Kilwa, kumtengeneza bibi arusi ilikuwa kazi yenye wataalamu wake. Alikuwapo somo au kungwi aliyejua namna ya kusaga liwa juu ya jiwe la msio, namna ya kuchanganya singo ya kuusugua mwili, muda wa kuiacha hina mkononi ili rangi ikolee, na namna ya kutunga asmini na kufukiza udi. Huko bara nako palikuwa na wasusi na vinyozi wenye sifa vijijini, na wafugaji walijua matumizi ya samli kwa ngozi iliyokauka kwa jua na upepo.

Ujuzi huo haukupatikana kwa wiki mbili. Binti alikaa karibu na bibi yake miaka mingi, akitumwa maji, akishika kitana, akitazama na kukosolewa, mpaka siku alipoaminiwa kusuka kichwa cha mgeni. Kwa maneno mengine, palikuwa na shule, ingawa haikuwa na ubao wala chaki. Na mwalimu wa shule hiyo alikifahamu kila kitu alichokipaka, kwa kuwa aliuona mti wake na kukisaga kwa mkono wake.

Lililobadilika ni hilo. Msusi wa leo hufungua kopo lililotoka kiwandani maelfu ya maili kutoka hapo alipo. Hakuona kilichotiwa ndani yake. Maelezo yameandikwa kwa herufi ndogo na kwa lugha ambayo pengine haisomi. Bibi wa zamani aliweza kufanya kazi yake pasipo kujua kusoma. Mjukuu wake hawezi. Hii ndiyo sababu ya kwanza inayoifanya kazi hii idai elimu zaidi leo kuliko zamani.

MARUFUKU PEKE YAKE HAIKUTOSHA

Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilikusudiwa kuanza katika mji wa Dar es Salaam tarehe 1 Januari, 1969. Yaliyopigwa vita ni mavazi mafupi ya vimini, suruali za kubana, nywele za bandia, na madawa ya kuchubua ngozi. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali na barua nyingi ziliandikwa magazetini. Wako walioshangilia kwamba heshima ya Mwafrika inarudishwa. Wako pia waliouliza kwa nini uzito wote wa kampeni uwaangukie wanawake.

Zaidi ya miaka 50 imepita tangu siku hizo. Nywele za bandia zimejaa madukani na hazimwumizi mtu. Lakini katika yote yaliyokatazwa, lile moja lenye madhara ya kweli kwa mwili, yaani kujichubua, halikuisha. Limebadili jina tu. Sasa linaitwa mkorogo, na mara nyingi hukorogwa palepale saluni au nyumbani: krimu ya aina hii, losheni ya aina ile, na tyubu ya dawa ya hospitali iliyonunuliwa bila cheti cha daktari.

Sababu ya tabia hiyo kudumu si ngumu kuifahamu. Msichana aliambiwa aache, lakini hakuelezwa ni kitu gani hutokea ndani ya ngozi yake. Aliyemkataza alizungumza juu ya utamaduni. Aliyemwuzia alizungumza juu ya kupendeza. Hapana aliyezungumza naye juu ya figo.

Yafaa basi jambo hilo lielezwe waziwazi. Weusi wa ngozi hutokana na rangi ya asili iitwayo melanini, ambayo kazi yake ni kuikinga ngozi na mionzi mikali ya jua. Madawa ya kuchubua huzuia rangi hiyo isitengenezwe. Yako makundi matatu yanayojulikana zaidi. La kwanza ni chumvi za zebaki, ambazo hupenya katika ngozi, huingia katika damu na kuharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. La pili ni haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta kinyume cha kile kilichotafutwa: madoa meusi yenye rangi ya bluu mashavuni na kuzunguka macho, ambayo ni vigumu mno kuondoka. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza madoa hayo tangu mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaamua kuipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi. La tatu ni dawa za jamii ya steroidi, kama vile klobetasoli na betamethasoni. Hizo ni dawa halali za magonjwa ya ngozi zinapotolewa na daktari. Lakini zikipakwa kila siku kama mafuta, ngozi huwa nyembamba, hupasuka michirizi, na kidonda huchelewa kupona. Mama wa namna hiyo akihitaji kupasuliwa wakati wa kujifungua, mshono wake huweza kumpa daktari taabu.

Sheria ipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi mwaka 2003, na viambato hivyo vyote vitatu vimekatazwa katika vipodozi. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Katika jumuiya ya mataifa, Mkataba wa Minamata juu ya zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na vipodozi vyenye zebaki ni miongoni mwa bidhaa ambazo mkataba huo umeazimia kuziondoa duniani. Lakini afisa wa viwango hawezi kukaa katika kila saluni ya kila mtaa. Mtu pekee anayekuwapo pale siku zote, kila kopo linapofunguliwa, ni fundi mwenyewe. Akiwa na elimu, yeye ndiye mlinzi wa kwanza. Akiwa hana, yeye ndiye mlango ambao sumu hupitia.

FUNDI ANAYEJUA KUKATAA

Inafaa kufikiri juu ya jambo linalotokea katika saluni nyingi siku za Ijumaa. Mama mmoja anaingia kwa haraka na kuketi. Siku mbili zilizopita amefumua nywele zake, na amekuwa akijikuna. Anataka kutiwa dawa ya kulainisha nywele.

"Mdogo wangu, nipake tu. Harusi ni kesho."

"Samahani mama, hapa kisogoni pana michubuko. Dawa hii itakuchoma."

"Nitavumilia. Si mara ya kwanza kuungua."

"Hapana, mama. Nitakuosha na kukubana vizuri, utapendeza vilevile. Dawa uje baada ya wiki mbili, kichwa kikishapona."

Mama akikasirika atavuka barabara na kuingia saluni ya pili, ambako atapakwa bila ya kuulizwa. Mwenye saluni ya kwanza atamlaumu msichana wake kwa kufukuza mteja. Kwa hesabu ya siku hiyo, aliyefanya haki amekosa fedha na aliyefanya kosa amezipata. Hapa ndipo penye mtihani halisi wa kazi hii. Kusuka vizuri ni jambo la mikono, na mikono huzoea. Lakini kusema hapana mbele ya fedha taslimu ni jambo la maarifa na moyo. Fundi asiyejua sababu ya kukataa hawezi kukataa, na anayeijua nusunusu atalegea mteja akipandisha sauti.

Elimu yenyewe anayoihitaji si ya ajabu. Sehemu kubwa imo katika vitabu vya sayansi ambavyo mwalimu huvifundisha kila mwaka. Dawa nyingi kali za kulainisha nywele hutengenezwa kwa sodiamu haidroksaidi, yaani magadi yaleyale ya kostiki yatumikayo kutengenezea sabuni. Katika kipimo cha pH dawa hizo hufika 12 hadi 14, wakati nywele na ngozi ya kichwa zimezoea hali ya tindikali kidogo, karibu na 5. Dawa huvunja viungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, na kiungo kilichovunjwa hakirudi. Hata dawa zinazotangazwa kuwa hazina kostiki bado ni besi kali. Mwanafunzi aliyewahi kuiona karatasi nyekundu ya litmasi ikigeuka buluu maabarani anaweza kulielewa somo hili kwa dakika 10, iwapo mwalimu wake atachukua taabu ya kumwonyesha kwamba kemia ya ubaoni na kemia ya saluni ni moja.

Kutokana na maarifa hayo hufuata kanuni za kazi. Mteja asipakwe dawa akiwa na kidonda, mapunye au michubuko. Mafuta ya mgando yapakwe kwanza kando ya paji, masikioni na shingoni. Fundi avae glavu. Saa iwe ukutani, na muda ulioandikwa katika kopo usizidishwe kwa kutaka nywele zilale zaidi. Dawa ipakwe katika nywele zilizoota upya tu. Kwa kuwa nywele huota karibu sentimita 1 kwa mwezi, kurudia dawa kila wiki chache ni kuzichoma nywele zilezile mara ya pili na ya tatu. Kisha zioshwe kwa maji mengi na kwa sabuni maalumu ya kuua nguvu ya dawa, mpaka dawa iishe kabisa. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, na mteja apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Watoto wadogo wasipakwe kabisa, hata mama mtu akiomba.

Wala isidhaniwe kwamba anayehatarika ni mteja peke yake. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi za afya za Serikali ya Marekani walitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, na ukaonyesha kwamba waliotumia madawa ya kunyoosha nywele mara kwa mara walipata saratani ya mji wa mimba zaidi kuliko wasioyatumia. Utafiti huo haukusema kwamba kila atumiaye ataugua. Lakini mteja huivuta harufu hiyo mara chache kwa mwaka, na msusi huivuta toka asubuhi hadi usiku. Madirisha ya saluni yawe wazi.

MSUKO, RANGI NA WEMBE

Msuko nao una elimu yake. Msichana aliyesukwa kwa kubanwa sana hushindwa kulala, na asubuhi huonekana vipele vidogo kandokando ya paji. Watu husema kwamba huo ndio msuko mzuri, unaodumu. La hasha! Hiyo ni dalili kwamba mizizi ya nywele inang'olewa polepole. Ikirudiwa miaka mingi, nywele za mbele na za kando hutoka, na mwishowe haziwezi kuota tena. Msuko unaouma ufumuliwe usiku huohuo. Rasta nzito zisikae zaidi ya wiki 6 au 8, na kichwa kipewe mapumziko kabla ya kusukwa tena.

Kuhusu rangi, yapo mambo mawili ya kukumbuka. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu, nayo huhitaji saa kadhaa. Ile inayoitwa hina nyeusi, au piko, ambayo hukolea kwa muda mfupi, mara nyingi ni dawa ya kutia rangi nywele, yenye kemikali inayoweza kuleta malengelenge makubwa mwilini kwa mtu ambaye mwili wake hauipatani. Mabibi arusi wamekwisha kupata vidonda mikononi badala ya maua. Kwa hiyo dawa ya rangi ijaribiwe kwanza, kidogo tu, nyuma ya sikio au katika kiwiko kwa ndani, na mteja asubiri saa 48. Fundi anayemwambia mteja wake arudi keshokutwa hampotezei wakati, anamlinda. Na piko isipakwe ngozini kabisa, maana hata katika maelezo ya kopo imeandikwa kwamba ni ya nywele.

Kwa vinyozi, adui ni damu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, juu ya wembe ambao kwa macho unaonekana safi. Wembe mmoja ni wa mtu mmoja, kisha hutupwa mahali ambapo watoto hawawezi kuufikia. Mashine ya kunyolea isafishwe na kupanguswa kwa spiriti baada ya kila kichwa, si baada ya kila siku. Walimu wa shule za msingi wanayafahamu mapunye vizuri zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Mtoto mmoja akinyolewa kwa mashine chafu siku ya Jumapili, baada ya wiki chache dawati zima huwa linajikuna. Mwalimu anapowapeleka watoto zahanati, akumbuke pia kwenda kuzungumza na kinyozi wa mtaa, kwa heshima, kama mwenzake katika kazi ya kulea watoto haohao.

Brashi ya uso, poda na wanja nazo zisiwe za watu wote. Brashi ioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Wanja na rangi ya midomo zichotwe kwa kijiti kinachotumika mara moja, maana ugonjwa wa macho mekundu hupita kwa njia hiyo.

UREMBO WA KILA SIKU

Fundi mwema pia ni mshauri, na ushauri wake bora hauhitaji fedha nyingi. Uso uoshwe asubuhi na jioni kwa sabuni isiyo kali. Mafuta yapakwe ngozi ikiwa bado na unyevu, ili maji yasipotee. Chunusi zisikamuliwe. Vipodozi vifutwe kabla ya kulala. Nywele zifungwe kwa kitambaa laini usiku zisikatike kwenye mto. Jua kali likingwe kwa mwavuli, kofia au kanga. Doa linaloongezeka, kidonda kisichopona na nywele zinazotoka kwa mabaka si kazi ya saluni, ni kazi ya daktari. Na fundi anayesema hivyo hapotezi hadhi yake.

Katika jambo hili Tanzania ina mfano wa kujivunia. Mjini Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi, ambacho wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Huko huko hutengenezwa krimu iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ya melanini na ambao jua huwaletea saratani. Hapo pana funzo kubwa. Katika nchi hiyohiyo ambamo wengine hulipa fedha ili kuiondoa kinga waliyozaliwa nayo, wako wataalamu wanaofanya kazi usiku na mchana kuwatafutia kinga wale waliozaliwa bila hiyo.

DAFTARI NA MTAJI

Msichana anayetaka kuishi kwa kazi hii hana budi pia kujua hesabu. Saluni nyingi hufunguliwa kwa shangwe na kufungwa kimyakimya kabla ya mwaka kwisha, na mara nyingi sababu si ukosefu wa wateja, bali ukosefu wa daftari. Fedha ya dawa huliwa kama faida. Kodi ya pango husahauliwa mpaka mwenye nyumba abishe hodi. Bei hutajwa kwa kumwangalia jirani, pasipo kuhesabu maji, umeme, dawa na saa tano za kusimama.

Kwa hiyo anayeanza asikimbilie viti vya kuzunguka na vioo vya ukuta mzima. Afanye kazi kwanza chini ya fundi aliyemzidi, mwaka mmoja au miwili, akishika ufagio bila kuona haya. Aanze na vitana vizuri, taulo safi za kutosha, glavu, saa na chombo cha kuchemshia. Awe na madaftari mawili: moja la mapato na matumizi, jingine la wateja, lenye tarehe, dawa aliyopakwa kila mmoja na namna ngozi yake ilivyoipokea. Asome tarehe ya mwisho ya kutumia kila kopo. Fedha ya kazi isikae mkoba mmoja na fedha ya nyumbani.

Historia ya kazi hii kwa watu weusi wa Marekani inathibitisha jambo hilo. Sarah Breedlove, aliyezaliwa mwaka 1867 na wazazi waliokuwa watumwa, alikuwa dobi kabla ya kujulikana kwa jina la Madam C. J. Walker na kuhamishia biashara yake ya mafuta ya nywele Indianapolis mwaka 1910. Mwenzake Annie Malone alifungua chuo kiitwacho Poro huko St. Louis mwaka 1918. La kuzingatia si utajiri wao. La kuzingatia ni kwamba wote wawili hawakuuza makopo tu. Waliwafundisha maelfu ya wanawake usafi, ujuzi na hesabu, katika wakati ambapo milango mingi ya kazi ilikuwa imefungwa kwao.

WAJIBU WA WENYE KALAMU

Vyombo vya kufanya hivyo hapa nchini vipo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na upo utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunzia kazini. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kinachopungua ni heshima, na heshima huanza kwa wale ambao jamii huwasikiliza, yaani walimu na watumishi wa Serikali.

Mwalimu wa sayansi anaweza kulipeleka kopo la dawa ya nywele darasani na kusoma maelezo yake pamoja na wanafunzi. Afisa Afya anapokagua saluni asiishie kutazama choo na leseni. Aulize pia wembe unatupwa wapi na dawa imehifadhiwa vipi, na afundishe kabla ya kutoza faini. Afisa Maendeleo ya Jamii anaweza kuwaunganisha wasusi wa kata moja wakakubaliana kwamba hapana atakayempaka mteja mwenye vidonda wala atakayekoroga mkorogo. Makubaliano hayo yatamwokoa msichana yule wa siku ya Ijumaa, kwa kuwa mama akivuka barabara atakuta jibu ni lilelile. Na kila mtumishi anayeketi katika kiti cha saluni anao uwezo wa kuuliza: "Dada, kopo hili lina nini?" Swali hilo likiulizwa na wengi, fundi atalazimika kulijua jibu.

Siku za matokeo zitarudi, na mzazi atasimama tena mbele ya meza ya mwalimu. Atasema neno lake lile la "hata". Mwalimu aliyeifahamu kazi hii hatatikisa kichwa. Atamkaribisha mzazi kiti, atamwita na binti, naye atawaeleza kwamba saluni si mahali pa kumtupa aliyeshindwa. Kwamba huko kuna kemia, kuna afya na kuna hesabu. Na kwamba iwapo binti yuko tayari kujifunza mambo hayo kwa bidii, basi aende, na aende na daftari lake.